Maadui wa Shujaa Wapiga Hodi

Jumamosi hiyo mshonaji alikuwa anapiga pasi shati jeupe la mumewe. Alikuwa amemaliza mikono na kuanza kola aliposikia mlango unagongwa. Uligongwa chini sana, karibu na sakafu, kama agongavyo kwa mguu mtu aliyebeba vitu mikono yote miwili. Akasimamisha pasi, akaenda kufungua.

Kizingitini alisimama Chongo, zimwi la jicho moja. Nyuma yake, kila mmoja kwenye kidato chake cha ngazi, walikuwa viunzi sita vya mifupa na panga na ngao zao, na nyuma kabisa ndege wa vichwa viwili. Kichwa kimoja kilitazama mlango. Kingine kilitazama mlango wa jirani, kama kwamba bado kilikuwa na shaka na anwani.

"Nilidhani walishawatupa," mshonaji akasema. "Haya, piteni. Futeni miguu, nimepiga deki sasa hivi."

Wakafuta miguu. Wembamba, ndivyo alivyozoea kuwaita wale viunzi, wakajipanga ukutani kwa kimo. Chongo akabaki katikati ya sebule, shingo ameiinua, akimtazama. Kimo chake kilikuwa kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Katika filamu alikuwa mrefu kuliko nyumba ya ghorofa nne, na kuna mahali anang'oa mlingoti wa merikebu na kuutumia kuchokonolea meno, lakini hiyo ilikuwa kazi ya kamera. Ana kwa ana angeenea kwenye sufuria kubwa na mfuniko ukafungika.

Mshonaji ndiye aliyemtengeneza. Ndani alimtia waya, juu ya waya sponji, juu ya sponji ngozi ya raba aliyoipaka rangi kwa brashi ya wanja. Jicho lilikuwa la kioo, la saizi ya mtu, na lilitoka kwa daktari wa macho baada ya mteja mmoja kulikataa kwa sababu ya rangi. Wakati huo mshonaji alikuwa msichana aliyeajiriwa studio kushona majoho ya wafalme. Tajiri wa studio alipita siku moja akamwona akitunga uzi kwenye sindano huku anaongea na mtu mwingine bila kutazama, na mkono hautikisiki. Kesho yake akahamishiwa chumba cha nyuma, kisicho na dirisha, na kupewa kazi ya mazimwi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unausogeza mkono wa Chongo kidogo, kama unene wa ukucha. Unatoka mbele ya kamera. Unapiga picha. Unarudi, unausogeza tena. Ukifanya hivyo kutwa nzima bila kupiga chafya, jioni Chongo anakuwa amejikuna sikio. Mshonaji aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka miwili. Katika muda huo alikutana na kijana aliyeigiza shujaa wa filamu, ambaye sehemu yake aliimaliza kwa wiki chache kwenye machimbo ya kokoto na kisha akawa anakuja studio kunywa chai tu. Walioana Chongo akiwa katikati ya mlima. Chongo alipofika kileleni, mshonaji alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Filamu ilipotoka, maandishi ya mwisho yalisema kwamba maajabu yote yalibuniwa na kuendeshwa na shemeji wa tajiri. Shemeji huyo aliwahi kuingia chumba cha nyuma mara moja. Alikuwa anatafuta kiti.

Sasa studio ilikuwa imeuzwa na mahali pake palijengwa duka la vigae. Vitu vya ghalani vilirundikwa nje, na huko ndiko Chongo na wenzake walikoanzia safari. Mwendo wao ulikuwa na shida moja. Hawakuweza kusogea mpaka jicho la mtu yeyote lifumbe. Walisogea pale tu mtu alipofumba kope, hatua moja, na alipofumbua aliwakuta wametulia. Ndivyo walivyolelewa. Kamera nayo ilikuwa jicho: ikifumba, mshonaji anawasogeza, ikifumbua, wametulia. Kwa hiyo barabarani walihitaji watu. Penye watu wengi walikwenda vizuri. Pasipo na mtu walisimama kando ya njia wakangoja mpaka apite yeyote mwenye kope. Mbele ya kiwanda cha saruji, ambako vumbi huwapepesesha watu macho, walikwenda kasi mpaka mlinzi wa geti akawaambia wapunguze.

Mshonaji aliwapa kitambaa wajifute vumbi, akarudi kwenye kola.

Mumewe alirudi kutoka kwa kinyozi na nywele nyeusi kuliko alizokuwa nazo ujanani. Mtaa mzima ulimwita Shujaa, hata mtu wa kusoma mita ya maji. Alisimama mlangoni akiwa bado ameshika funguo.

"Kina nani hawa?"

"Maadui zako," mkewe akasema. "Wasalimie."

Kwa zaidi ya miaka arobaini Shujaa alikuwa amewaua viumbe hawa kila mahali. Aliwaua harusini, aliwaua misibani wakati maiti imechelewa kufika, aliwaua kwenye kiti cha daktari wa meno akiwa ameachama mdomo na pamba ndani. Alieleza jinsi pumzi ya Chongo ilivyonuka vitunguu na samaki wabichi. Aliwashikisha watu ubavu wake wa kushoto waone ulipovunjika. Lakini hakuwahi kuwaona. Kule kwenye machimbo ya kokoto alipigana na hewa, na mazimwi yaliongezwa baadaye na mkewe, katika chumba cha nyuma, ukucha baada ya ukucha.

"Mbona mdogo?" akauliza.

"Ndiye huyo huyo aliyekuvunja ubavu."

Shujaa akajishika ubavu. Chongo naye, kwa kuwa hakuwa na sauti, maana sauti iliongezwa na watu wengine kabisa, alijieleza kwa vitendo. Alinyoosha kidole kwenye jicho lake. Kisha akamkazia Shujaa macho ya hasira, yaani jicho, lakini badala ya kumtazama usoni akamtazama kitovuni.

"Anasemaje?"

"Anauliza kwa nini hukumtazama usoni hata mara moja."

"Mimi niliambiwa nitazame ufagio," Shujaa akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Walimpa mtu ufagio aushike juu, eti ndipo palipo na kichwa cha zimwi. Mkono ukamchoka. Ufagio ukashuka, na mimi nikashuka nao."

"Ndiyo maana ilibidi nimwinamishe," mkewe akasema, akalitundika shati.

Kuinama kule ndiko kulikoifanya filamu ikumbukwe. Kabla tu ya kuchomwa mkuki, zimwi linainama kidogo, kama mzee anayetega sikio kwa mtoto, na jicho lake linakutana na macho ya shujaa. Watu wazima walilia ukumbini. Wasomi waliandika juu ya kuinama kule na wakakubaliana kwamba kulitokana na kipaji cha shemeji wa tajiri. Wahenga walisema ukipenda, chongo utaita kengeza. Mshonaji aliwapenda wote wawili, mwenye chongo na mwenye kengeza la kutazama ufagio, na ilimchukua siku tatu kuwakutanisha.

Wageni wakakaa. Chongo alilala kwenye kapu la mikate, ndege alilala juu ya kabati akiwa na mito miwili, na Wembamba walijiegemeza nyuma ya mlango wa bafuni pamoja na mafagio. Walisaidia kazi. Mwembamba mmoja aliweza kuosha kikombe kimoja kwa asubuhi nzima, kutegemea mshonaji amepepesa macho mara ngapi, na kikombe kilikuwa safi kweli. Jirani wa upande wa kulia alikuja kulalamika. Hakuwa na neno na mifupa, alisema, kila mtu na wageni wake, ila walikuwa wanaanika nguo upande wake wa kamba. Mshonaji akaomba radhi. Wembamba wakahamisha vibanio, na kwa kuwa jirani alikuwa na mzio wa macho, walimaliza mara moja.

Wiki hiyo hiyo alifika mwenyekiti wa kamati. Ukumbi wa sinema wa zamani ulikuwa umekarabatiwa, na kamati ilikuwa imeamua kuupa jina la Shujaa. Kungekuwa na hotuba, filamu ingeonyeshwa, na Shujaa angekabidhiwa ngao ya shaba yenye sura yake. Mwenyekiti alikuwa mtu mwenye adabu nyingi, aliyezungumza huku amekunja mikono tumboni kama anayehifadhi joto. Aliwaona viumbe wamekaa mezani, akawapungia.

"Na hawa watakuja?"

"Nadhani," mshonaji akasema.

Mwenyekiti akafikiri. "Watoto wadogo wanapakatwa," akasema. "Tutawahesabu kama watoto wadogo." Kisha akamgeukia mshonaji. "Na wewe, mama, tumekupangia kiti. Kiko nyuma ya nguzo, lakini nguzo yenyewe si nene."

Binti yao alikuja Jumapili. Alikuwa mwalimu wa udereva, na kazi ilikuwa imempa tabia ya kukanyaga sakafu kwa mguu wa kulia kila mtu aliposema jambo la hatari. Aliingia jikoni, akamsogeza Mwembamba mmoja kwenye sinki, akaanza kuosha vyombo mwenyewe.

"Mama, hawa watakaa mpaka lini?"

"Mpaka waondoke."

"Na kwenye sherehe utakaa wapi?"

"Nyuma ya nguzo. Ila si nene."

Binti akakanyaga sakafu. Akaenda sebuleni, ambako baba yake alikuwa mbele ya kioo anajaribu tai, na Chongo amesimama kwenye mkono wa kochi anamsaidia kuchagua.

"Baba, siku hiyo utasema ni nani aliyewaendesha hawa?"

"Si wameandika mwishoni mwa filamu."

"Wameandika nani?"

Shujaa akafungua tai, akaifunga upya. "Wameandika shemeji."

"Na wewe unajua ni nani."

"Najua. Nani asiyejua?"

"Watu wote, Baba. Ukitutoa mimi, wewe na huyo hapo kwenye kochi."

Mshonaji alikuwa amewafuata. Alisimama mlangoni akijikausha mikono kwa aproni, polepole, kwa sababu vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba miaka mingi sasa, na sindano alikuwa ameiacha.

"Mzee," akasema, "sijawahi kukuomba kitu kuhusu filamu ile. Leo naomba. Ukishika kipaza sauti, sema ilikuwa mikono yangu. Basi. Usiongeze chumvi, usipunguze."

Shujaa akamgeukia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepigiwa makofi mapema mno.

"Hilo tu?" akasema. "Mama, hilo dogo sana. Nitasema."

Na alikusudia. Kuanzia siku hiyo alifanya mazoezi bafuni. Ilikuwa mikono ya mke wangu, alisema kwa sauti nzito. Ilikuwa mikono ya mke wangu, alisema kwa sauti ya chini, na kituo baada ya mikono. Jirani wa juu, ambaye bomba zao ziliungana, aliijua sentensi hiyo kwa moyo na alimwambia mshonaji kwenye ngazi kwamba yeye binafsi aliipenda ile yenye kituo.

Sherehe ilifanyika alasiri. Ukumbi ulijaa. Shujaa aliketishwa jukwaani pamoja na kamati, na mshonaji akaketi nyuma ya nguzo na Chongo mapajani. Binti alimpakata ndege, ambaye kichwa kimoja kilisoma ratiba na kingine kilitaka kujua kimeandikwa nini. Wembamba waligawanywa kwa watu wa safu ile ile. Mwanamke mmoja mnene alipewa wawili, akasema hawamchomi.

Mwenyekiti alisema maneno, taa zikazimwa, filamu ikaanza.

Mwanzoni hakuna aliyegundua kitu, kwa sababu mwanzo wa filamu ni merikebu na wimbo. Kisha ikafika sehemu ya mifupa. Shujaa, kijana, kifua wazi, akachomoa upanga kwenye uwanja wa mawe, akageuka kuwakabili viunzi sita, na viunzi havikuwepo. Walikuwa wamepakatwa. Kijana yule alikata hewa kushoto, akakata hewa kulia, akaruka juu ya kitu ambacho hakikupita, akapiga ukelele, akaanguka mwenyewe. Alijigaragaza kwa muda. Akasimama, akapumua kama mtu aliyeshinda.

Watu walitazama kwa heshima. Mzee mmoja mbele alimwambia mwenzake kwamba kumbukumbu yake ilikuwa tofauti kidogo, lakini macho nayo huzeeka.

Ndege mkubwa naye hakutokea. Shujaa alijining'iniza kwenye kamba, na sasa kamba ilionekana. Kisha likaja pambano la Chongo. Kijana alifika mlangoni mwa pango na mkuki wake, akainua uso, na hapo ambapo kwa miaka yote kulikuwa na zimwi la kutisha kuliko mazimwi yote, ukumbi ukaona ufagio. Ulishikwa na mkono wa mtu aliyejificha nyuma ya mwamba. Kijana akautishia ufagio. Ufagio ukatikisika. Kijana akasema maneno yake maarufu, kwamba mmoja wetu hatayaona machweo, na wakati anayasema mkono ulichoka, ufagio ukaanza kushuka, na macho yake yakashuka nao, polepole, mpaka usawa wa kitovu.

Jukwaani, Shujaa mzee alirekebisha tai.

Ndipo Chongo alipoteremka mapajani mwa mshonaji. Wembamba nao wakateremka, na ndege. Ukumbini kulikuwa na mamia ya watu, na penye mamia ya watu hakuna dakika ambayo hakuna aliyefumba macho. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwao, walitembea bila kusita. Walitembea kama maji. Walipita kwenye ujia wa katikati, wakapanda jukwaani, wakasimama kwenye mwanga wa projekta, na vivuli vyao vikaangukia kwenye pazia vikubwa kama majengo. Kivuli cha Chongo kiliangukia pale hasa palipokuwa na ufagio, kikaufunika.

Kisha wakatulia. Kijana kwenye filamu alikuwa anangoja na mkuki wake, na Chongo hakuinama. Aligeuza kichwa akatazama nyuma ya nguzo. Wembamba nao wakageuza vichwa, na ndege vichwa vyote viwili, kwa mara moja hiyo tu vikiwa na shauri moja. Walitazama kama walivyokuwa wakitazama zamani kati ya picha na picha, wakingoja.

"Mama," binti akasema taratibu. "Wanakungoja wewe."

"Naona."

Mshonaji akamkabidhi binti mkoba wake. Akaenda jukwaani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuzima jiko. Alipofika alipiga magoti kando ya Chongo, akaweka kidole kimoja begani kwake na kingine chini ya kidevu, na kwenye pazia ukatokea mkono mkubwa, wenye vifundo vilivyovimba, mkono uliojaza mbingu yote juu ya pango. Ukamwinamisha. Kidogo, akaondoa mkono. Kidogo tena, akaondoa mkono. Zimwi likainama kama mzee anayetega sikio kwa mtoto, mpaka jicho lake likakutana na macho ya kijana yule aliyekuwa anatazama ufagio. Mkuki ukapita. Chongo akaanguka kama alivyoanguka siku zote, goti kwanza, halafu kiganja, halafu shavu, na mkono ule ulikuwa chini ya kila kitu, ukimshusha.

Watu wazima walilia. Yule mzee wa mbele alisema sasa ndiyo filamu anayoikumbuka.

Taa zikawashwa. Mshonaji alikuwa bado amepiga magoti jukwaani, na viumbe wamemzunguka. Hapakuwa na mtu ukumbini ambaye hakuwa ameuona ule mkono na kuona umetoka bega gani. Mwenyekiti akaja kwenye kipaza sauti.

"Mmejionea wenyewe," akasema.

Ukumbi ukakubali kwamba umejionea.

"Mmeona jinsi mtu huyu alivyo hodari. Kumbe alipigana na hewa tupu! Kupigana na adui aliyepo, hata mimi naweza. Lakini kupigana na asiyekuwepo, na sote tukaogopa miaka yote hii, hicho ndicho kipaji. Shujaa, karibu."

Makofi yalikuwa makubwa mno. Watu walisimama. Shujaa akaja mbele, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akangoja kelele zipungue. Alimtazama mkewe. Binti, nyuma ya nguzo, alikuwa amekanyaga sakafu na hauondoi mguu. Jirani wa juu, aliyekuja na familia yake, alianza kuchezesha midomo kumsaidia.

"Nataka kusema jambo moja," Shujaa akasema.

Watu wakaketi tena.

"Ilikuwa," akasema. Akaweka kituo. Mtu mmoja kwa mbali akapaza sauti, "Shujaa!" na wengine wakamfuatia, "Shujaa! Shujaa!" na mawimbi ya makofi yakaja mpaka miguuni pake. Alipofungua tena mdomo, uso wake ulikuwa uso wa kijana wa machimbo ya kokoto.

"Ilikuwa kazi ngumu," akasema. "Pumzi yake ilinuka vitunguu."

Waliangua kicheko cha furaha. Akaendelea, na akaeleza ubavu. Mwishoni aliwashukuru wote waliohusika kwa namna moja au nyingine, na kipekee kabisa akamshukuru mke wake, kwa uvumilivu. Mwenyekiti alimkabidhi ngao ya shaba, na kwa kuwa Shujaa alihitaji mikono yote miwili kuipokea, mshonaji alipewa maua amshikie.

Gazeti la kesho yake liliandika ukurasa mzima. Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili, ambamo uongozi wa ukumbi uliwaomba radhi watazamaji kwa mkono wa mtu uliopita mbele ya projekta wakati wa onyesho, na kuahidi kwamba utaratibu wa kuingia jukwaani utaimarishwa.

Viumbe hawakurudi kwenye filamu. Mwenyekiti alikuja na kabati la kioo, akasema wangekaa vizuri ukumbini chini ya maandishi yasemayo Maadui wa Shujaa, lakini kila alipowatazama walitulia, na kila alipopepesa walikuwa wamesogea mbali zaidi na kabati, mpaka akawakuta wote kapuni na mikate. Akaliacha kabati. Mshonaji anawekea vyombo. Filamu inaonyeshwa kila Ijumaa kama ilivyo, na watoto wanaoiona siku hizi hulala na taa na hawataki kuachwa chumba kimoja na ufagio. Mwishoni maandishi bado yanapita, kwamba maajabu yote yalibuniwa na kuendeshwa na shemeji wa tajiri, na wasomi wameanza kuandika juu ya ujasiri wake wa kutoonyesha chochote.

Binti hakuongea na baba yake kwa muda. Mkewe aliongea naye kama kawaida. Siku ya tatu, wakiwa mezani, Shujaa aliweka chini kijiko.

"Nilikuwa nasema," akasema. "Neno lilikuwa hapa. Halafu wakapiga makofi."

"Nilisikia. Yalikuwa mengi."

"Ningesema."

"Najua, mzee. Kula, inapoa."

Hakula. Aliondoka akarudi na chupa ya dawa ya kuchua ambayo mkewe aliificha nyuma ya makopo ya viungo vya mchuzi asiulizwe juu yake. Akaketi karibu naye, akamwomba mkono. Alianza na kidole gumba, akaenda kifundo kwa kifundo, kidogo, akatua, kidogo tena, bila kusema lolote la vitunguu. Chongo na Wembamba walitazama mezani pale, na safari hii wao ndio waliokuwa wakifumba macho. Ilichukua muda mrefu, na chupa iliisha.

Asubuhi akatoka mapema kwenda kununua nyingine. Foleni ya duka la dawa ilikuwa ndefu, mtu wa nyuma yake akamtambua, akauliza kama ni kweli, na Shujaa akainua mkono ulioshika chupa tupu na kumuua Chongo pale pale, kuanzia merikebu hadi mkuki. Alipomaliza, watu walimpisha akapita mbele.